Jasho limekauka, pumzi haijarudi: uchambuzi wa kisa cha sumu ya dawa ya zabibu Dodoma

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 34, kilo 60, mkulima wa zabibu kusini mwa jiji la Dodoma. Saa 5 asubuhi, jua la Oktoba limeshachachamaa, alitua bomba la mgongoni, akanyoosha mkono kwenye kivuli cha mzabibu, akachukua chupa ya maji ya nusu lita na kupiga funda. Harufu ilimfikia koo likiwa limeshameza. Ndani ya chupa kulikuwa na dawa ya wadudu isiyochanganywa, aliyopimiwa dukani jana yake kutoka kwenye galoni la lita 5. Lebo ilibaki dukani pamoja na galoni.

Kisa kimetungwa kwa ajili ya kufundishia, lakini hakina dalili, kipimo wala kosa ambalo mtu wa zamu hawezi kukutana nalo wiki hii.

Ndani ya dakika 20 alikuwa anatapika, tumbo linamsokota, shati limeganda mgongoni kwa jasho. Walimpakia kwenye bodaboda, ndugu yake akamshika kwa nyuma. Hapo pana hatari ya kwanza. Mtu anayetapika huku fahamu zinapungua, akikalishwa wima kichwa kikaning'inia, huvuta matapishi mapafuni, na matapishi haya yana kiyeyushi cha mafuta kinachounguza mapafu. Hata kirikuu cha kubebea zabibu kingefaa zaidi, amelazwa ubavu wa kushoto.

Kituo cha afya alifika saa 6:30 mchana. Mapigo ya moyo 54, presha 95/60, pumzi 34 kwa dakika, oksijeni ya damu asilimia 81. Mboni zote mbili zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Mate yalikuwa yakimtoka, amejikojolea, na kifua kilisikika kikichemka kabla hata stetoskopu haijawekwa. Ukiangalia paja kwa karibu, misuli ilikuwa inacheza chini ya ngozi vipande vipande, kama minyoo inapita. Alipewa atropini, dawa inayokausha majimaji hayo na kuharakisha moyo, 1 mg, dripu, na baada ya nusu saa 1 mg nyingine. Ya tatu alichomwa gari la wagonjwa lilipowasha. Jumla 3 mg kwa karibu saa mbili. Sababu iliyoandikwa kwenye rufaa: "tahadhari, moyo usije ukaenda mbio."

Hospitali ya rufaa alifika saa 8:50 mchana, midomo imebadilika rangi.

Kimeng'enya kilichofungwa mlango

Neva inapotaka kuamrisha msuli, tezi au moyo, humwaga asetilikolini kwenye mwanya mdogo unaoitenganisha na seli inayoamrishwa. Ng'ambo ya mwanya kuna vipokezi. Asetilikolini hugusa kipokezi, amri hupita, kisha kimeng'enya asetilikolinesterasi huivunja papo hapo. Molekuli moja ya kimeng'enya hiki huvunja maelfu ya molekuli za asetilikolini kwa sekunde. Kazi hiyo inafanyika chini ya shimo jembamba ndani ya kimeng'enya, na kitovu chake ni asidi ya amino moja, serini.

Dawa za kundi la organofosfeti hushika serini hiyo. Fosforasi ya sumu hujifunga kwenye oksijeni ya serini kwa kifungo imara, na kimeng'enya kinabaki kimefungwa mlango. Gesi za sumu za vitani kama sarini na somani zinashika serini ile ile kwa namna ile ile. Ndiyo maana sanduku la dawa la askari na kabati la wodi ya Dodoma vina dawa za ukoo mmoja. Tofauti zipo kwenye kasi, kwenye muda sumu inaokaa mwilini, na kwenye kitu kinachoitwa kuzeeka, tutakachokifikia.

Kimeng'enya kikishafungwa, asetilikolini inajaa na vipokezi vinagongwa bila kupumzika. Vipokezi hivyo ni vya aina mbili, na kisa chote kinasimama hapo. Vya muskarini vipo kwenye tezi za mate, machozi na jasho, kwenye mirija ya hewa, utumbo, kibofu, moyo na ubongo. Hivi ndivyo vinavyoleta mafua, mate, kuharisha, mboni ndogo, moyo wa polepole na mapafu yanayojaa maji. Vya nikotini vipo kwenye misuli ya mifupa na kwenye vituo vya neva za ndani. Hivi huleta misuli kucheza, udhaifu, kupooza, na wakati mwingine hugeuza picha kabisa: moyo mbio na presha juu, kwa sababu vituo vya neva vinavyoharakisha moyo navyo vinagongwa. Kwa hiyo mgonjwa wa sumu hii anaweza kuingia na mapigo 130 kabla hajaguswa na atropini hata tone. Mapigo ya haraka hayamzuii mtu kupewa atropini. Anayesubiri moyo uwe wa polepole ndipo aanze, mara nyingi anasubiri mtu afe.

Atropini inafanya nini, na haifanyi nini

Atropini haigusi kimeng'enya, wala haiondoi sumu. Inakaa kwenye kipokezi cha muskarini na kuizuia asetilikolini isikae. Ni kugombea kiti: asetilikolini ikiwa nyingi, atropini nayo lazima iwe nyingi. Hilo ndilo linaloeleza dozi zinazowatisha wanaozoea ampuli moja ya kabla ya upasuaji. Dozi ile ilipangwa kwa mtu mwenye asetilikolini ya kawaida. Kwa mgonjwa wetu, 1 mg kila nusu saa ni kama kuzima moto wa nyasi kwa kikombe.

Kwenye hospitali ya rufaa ilianza kazi inayotakiwa. Muuguzi mmoja alivuta majimaji kinywani kwa mashine, wa pili alivunja ampuli. Hakikisha kwanza nguvu ya ampuli, kwa sababu zipo za 0.6 mg na zipo za 1 mg, na atakayehesabu ampuli badala ya miligramu atakosea. Mpango ulikuwa kuanza na 2 mg kwenye mshipa, kusikiliza kifua baada ya dakika 5, na kama bado kinachemka, kuongeza maradufu.

Saa 8:55, 2 mg. Saa 9:00, 4 mg. Saa 9:05, 8 mg. Hapo mapigo yakapanda hadi 90, lakini kifua bado. Saa 9:10, 16 mg. Saa 9:15 mapafu yalisikika safi mbele na nyuma, isipokuwa upande wa kulia chini. Mapigo 112, presha 110/70, makwapa makavu. Jumla 30 mg kwa dakika 15, yaani ampuli 30 za 1 mg. Kama dozi ya tatu ingeleta nafuu ya wazi, ya nne isingehitaji kuongezwa maradufu. Ingerudiwa 8 mg au pungufu. Kwake nafuu haikuwa ya kutosha.

Utafiti uliofanyika Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2012 ulilinganisha njia hii ya kuongeza maradufu na kufuatia dripu, dhidi ya njia ya zamani ya kuchoma dozi sawa mara kwa mara. Vifo vilikuwa asilimia 8 kwa njia ya maradufu na 22.5 kwa ya zamani. Dawa ni ile ile. Kilichobadilika ni saa.

Je, unasimama wapi? Alama ni tano: kifua kisicho na mluzi wala mchemko, mapigo zaidi ya 80, presha ya juu zaidi ya 80, makwapa makavu, na mboni zisizo ncha ya sindano tena. Kubwa kuliko zote ni kifua. Mboni ni mshauri mvivu, huchelewa kufunguka hata pale mapafu yameshakauka, na za mgonjwa wetu saa 9:15 zilikuwa bado milimita 2. Hakuna aliyemwongezea dozi kwa ajili yake, na ilikuwa sahihi. Ile sauti ya upande wa kulia chini nayo iliachwa. Mchemko wa mapafu yote ni maji ya tezi. Mkwaruzo wa sehemu moja kwa mtu aliyetapika njiani ni matapishi yaliyoingia, na atropini haitoi matapishi.

Kuna kituo kisicho na oksijeni ambako watu husita kuchoma atropini kwa kuogopa kuvuruga moyo uliokosa hewa. Onyo hilo limesambaa kuliko ushahidi wake. Oksijeni ikiwepo iwekwe mara moja. Ikikosekana, atropini isisubiri, kwa maana maji yanayozuia hewa ndiyo yanayotakiwa kukaushwa.

Kilichofuata kilikuwa dripu. Kiwango cha saa ni asilimia 10 hadi 20 ya jumla iliyomkausha mgonjwa. Asilimia 10 ya 30 mg ni 3 mg kwa saa. Ampuli 20 za 1 mg ziliingizwa kwenye bureti, ile chupa ya dripu yenye alama za mililita, zikajazwa na maji ya chumvi hadi mililita 100, yaani 0.2 mg kwa kila mililita. 3 mg kwa saa ni mililita 15 kwa saa. Kwa seti ya matone madogo, yale 60 kwa mililita, idadi ya mililita kwa saa ni sawa na idadi ya matone kwa dakika: matone 15. Hesabu hii inafaa kuandikwa kwa kalamu nene kwenye plasta ya bureti, maana wa zamu ya usiku hatakuwa na muda wa kuianza upya.

Wakati haya yanaendelea, nguo zote zilikuwa zimevuliwa na kufungwa kwenye mfuko, mwili umeoshwa kwa sabuni na maji mengi, pamoja na nywele na kucha. Viatu na mkanda wa ngozi havioshwi vikasafika, vilitupwa. Madirisha yalifunguliwa. Kuosha tumbo hakukufanyika: saa nne zilikuwa zimeshapita, na kusukuma mpira tumboni kwa mtu ambaye njia yake ya hewa haijalindwa ni kumkaribishia matapishi mengine.

Pralidoksimu na saa yake

Atropini ilimkausha, lakini misuli ya mapaja iliendelea kucheza na mkono wake ulishindwa kubana vidole vya muuguzi. Hapo ndipo mipaka inapoonekana. Atropini haina kazi kwenye kipokezi cha nikotini. Unaweza kumwaga kabati zima, misuli haitapata nguvu.

Kinachofika upande huo ni pralidoksimu, kwa sababu yenyewe inakwenda kwenye kimeng'enya na kimeng'enya kinahudumia aina zote mbili za vipokezi. Ilitengenezwa miaka ya 1950 katika maabara ya Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, na Irwin Wilson na wenzake. Nitrojeni yake yenye chaji chanya huivuta hadi ndani ya shimo la kimeng'enya, mahali ambapo asetilikolini ingekaa, kisha mkia wake wa oksimu unaishambulia fosforasi na kuing'oa kwenye serini. Serini inabaki huru na kimeng'enya kinarudi kazini. Kwa chaji hiyo hiyo, haipenyi vizuri ukuta wa damu na ubongo. Kwa hiyo degedege si kazi yake. Degedege ni kazi ya diazepamu, 10 mg kwenye mshipa, inayoimarisha breki za ubongo kwenye vipokezi vya GABA. Mgonjwa wetu hakupata degedege.

Sasa kuzeeka. Sumu iliyoshika serini ina vikono viwili pembeni. Baada ya muda kikono kimoja hudondoka na kuacha chaji hasi. Tangu hapo kifungo kinakuwa imara zaidi, na oksimu, yaani dawa za ukoo wa pralidoksimu, haziwezi kukivunja. Kimeng'enya kilichozeeka kimekufa. Mwili hauna budi kutengeneza kingine. Muda wa kuzeeka unategemea vikono. Kwa dawa zenye vikono vya methili, nusu ya vimeng'enya vilivyoshikwa huzeeka kwa saa 3.7 hivi. Kwa zenye vikono vya ethili, ni saa 33 hivi. Profenofosi, inayopendwa na wakulima wa nyanya na vitunguu, ina kikono cha propili kilichounganishwa kwa salfa na huzeeka haraka kiasi kwamba oksimu humkuta maiti. Na upande wa vitani, somani huzeeka kwa dakika chache tu. Ndiyo sababu askari walio hatarini walipewa vidonge vya piridostigmini mapema, 30 mg kila saa 8: dawa hiyo hushika sehemu ndogo ya vimeng'enya kwa muda na kuvificha, sumu ivikose, kisha huviachia.

Kwa hiyo swali "ni dawa gani?" lina jibu linaloamua matibabu, na jibu lilikuwa limebaki kwenye galoni dukani.

"Mama, chupa mmekuja nayo?" muuguzi alimuuliza mke wa mgonjwa pale mlangoni.

"Iko kule kule shambani, dada. Tuliogopa kuishika."

"Basi mpigie shemeji aende duka alikopimiwa. Apige picha ya galoni, ule upande wenye maandishi madogo, atume kwenye simu."

Picha ilifika saa 11 jioni: klopairifosi, gramu 480 kwa lita. Vikono vya ethili. Lakini pralidoksimu haikusubiri picha, ilianza saa 9:30 alasiri, saa nne na nusu tangu kumeza, na uamuzi huo ulikuwa wa haki. Fanya hesabu: kwa nusu-muda wa saa 33, baada ya saa nne na nusu ni asilimia 9 hivi tu ya vimeng'enya vilivyoshikwa vinavyokuwa vimezeeka. Ingekuwa dawa ya methili, zingekuwa asilimia 57. Usipojua ni ipi, kuanza mapema hakukunyimi kitu. Kusubiri kunaweza kukunyima nusu.

Dozi iliyotumika ni ile inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani: 30 mg kwa kilo kwa kuanzia, kisha 8 mg kwa kilo kwa saa. Kwa kilo 60 ni 1,800 mg, ikafanywa gramu 2 kwenye mililita 100 za maji ya chumvi kwa dakika 30, na baadaye 500 mg kwa saa. Dakika 30 hizo si za mapambo. Ikisukumwa kwa bomba la sindano kwa pupa huleta kutapika, presha kupanda ghafla, na hata moyo kusimama. Na isichomwe kabla ya atropini.

Tuseme ukweli kuhusu dawa hii: ushahidi wake umegawanyika. Utafiti wa Baramati, India, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha faida kubwa ya dozi kubwa ya mfululizo kwa wagonjwa waliofika mapema. Ule wa Sri Lanka wa mwaka 2009 haukuonyesha faida, na vifo vilikuwa vingi zaidi upande wa pralidoksimu, ingawa vipimo vya damu vilionyesha vimeng'enya vikifufuka. Mtazamo wetu: kwa sumu ya ethili, kwa mtu aliyefika ndani ya saa chache, apewe. Kwa profenofosi, nguvu zielekezwe kwenye atropini na pumzi. Wala isichukuliwe kamwe kuwa ndiyo tiba na atropini ni msaidizi.

Famasi ilikuwa na vichupa 6 vya gramu 1. Gramu 2 zilikwenda mwanzo, gramu 4 zilizobaki zilitosha saa 8. Saa 6 usiku dripu ya pralidoksimu ilikauka. Hapa kasoro haikuwa ya mtu wa zamu. Pralidoksimu hutolewa na figo, na kiasi chake kwenye damu hupungua nusu kwa saa moja na kidogo. Klopairifosi haiendi hivyo. Inajificha kwenye mafuta ya mwili, inatoka kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na lazima ipite ini kwanza kugeuzwa kuwa oksoni ndipo iweze kushika kimeng'enya. Mtu wa kilo 60 anahitaji vichupa 12 kwa siku moja, na dripu inatakiwa iendelee mpaka atropini isihitajike kwa saa 12 hadi 24. Vimeng'enya vilivyofufuliwa jioni vilikutana na oksoni mpya alfajiri, bila wa kuving'oa tena.

Usiku wa atropini nyingi

Saa 3 usiku, kabla hata pralidoksimu haijaisha, mgonjwa alianza kuvua kanula, kijibomba cha dripu mkononi, akiokota vitu visivyoonekana hewani. Joto 38.9, mapigo 140, utumbo kimya kabisa, kibofu kimejaa hadi kinaonekana. Hii ni atropini iliyozidi. Wodi yenye bati, joto la mchana bado limo ukutani, na mtu ambaye vipokezi vya tezi zake za jasho vimezibwa hana njia ya kujipoza. Homa hii ingeweza kutibiwa kama malaria kwa siku mbili.

Dripu ilisimamishwa. Dakika 45 baadaye utumbo ulisikika, joto likashuka, ikarudishwa kwa asilimia 80: 2.4 mg kwa saa, matone 12. Mpira wa mkojo ukaingizwa, lita 1.1 zikatoka, na nusu ya fujo zikaisha papo hapo. Chati ya kila saa ilikuwa na safu tano tu: kifua, mapigo, jasho la kwapa, utumbo, joto. Kifua kikilowa, ongeza. Utumbo ukinyamaza na joto likipanda, simamisha.

Siku ya pili, kila mtu anapofurahi

Asubuhi alikuwa anaongea. Alimtambua mama yake, akaomba uji. Kifua kikavu, mboni kawaida, misuli haichezi. Kwenye faili liliandikwa neno "nafuu", na mchana akahamishiwa wodi ya kawaida, kipimo cha oksijeni kikaenda kwa mgonjwa mwingine.

Alama zote zilizotumika kumwita wa nafuu ni za muskarini. Hakuna aliyeandika chochote kuhusu shingo.

Saa 2 usiku, saa 33 tangu kumeza, muuguzi wa zamu alimwambia alale chali, ainue kichwa kutoka kwenye mto. Kidevu kilisogea, kichwa hakikunyanyuka. Akamwambia ahesabu kwa sauti kwa pumzi moja. Asubuhi ilikuwa imeandikwa pembeni ya chati, kwa bahati, kwamba alifika 27. Sasa aliishia 9. Pumzi 32 kwa dakika, fupi fupi, tumbo na kifua vinapishana. Mikono ilinyanyuka begani kwa shida. Kifua kikavu kabisa.

Hali hii, kupooza kwa misuli ya shingo, mabega na pumzi kati ya saa 24 na 96 tangu sumu iingie, dalili za kwanza zikiwa zimeshatulia, ilielezwa mwaka 1987 na Senanayake na Karalliedde wa Sri Lanka. Tatizo liko kwenye vipokezi vya nikotini vya misuli: vimegongwa mfululizo hadi vimechoka na kuacha kuitikia. Atropini haivifikii. Pralidoksimu, kwa kawaida, haibadilishi mkondo wake ukishaanza. Kitu kimoja tu kinamvusha mgonjwa, nacho ni mtu au mashine ya kumpumulia hadi misuli irudi.

Daktari aliyeitwa aliandika kwanza "ongeza atropini". Muuguzi alirudi kwake na chati. "Daktari, kifua kikavu, mboni kubwa, utumbo uko sawa. Hana pumzi tu." Agizo likafutwa.

Kabla ya kuingiza mpira wa hewa lilijitokeza jambo moja zaidi la kimeng'enya. Dawa ya kulegeza misuli iliyokuwa mkononi ilikuwa suksamethoniamu. Kwa kawaida athari yake huisha ndani ya dakika 10, kwa sababu kimeng'enya cha damu, butirilikolinesterasi, huivunja. Lakini kimeng'enya hicho nacho ni mhanga wa organofosfeti. Mgonjwa wa namna hii akipewa suksamethoniamu anaweza kulala amelegea kwa saa kadhaa. Ilitumika rokuroniamu, isiyokitegemea kimeng'enya hicho. Mpira uliingia saa 2:40 usiku, oksijeni ilikuwa imeshuka hadi 84.

Tujiulize kama pralidoksimu isingeisha saa 6 usiku ingekuwaje. Huenda asingepooza, huenda angepooza vile vile. Wapo wanaopooza dripu ikiwa inatiririka. Lakini kosa ambalo halina "huenda" ni kumwondolea uangalizi saa 24 za kwanza zikiisha, wakati ambapo hatari hii ndiyo inaanza.

Damu ya kupima

Sampuli ilitumwa siku ya kwanza na majibu yalirudi "haikufaa". Ilikuwa imewekwa kwenye chupa ya kifuniko cha kijivu, ile ya sukari. Chupa hiyo ina floraidi, na floraidi yenyewe inazuia kimeng'enya, hivyo hata damu ya mtu mwenye afya ingesoma chini. Inatakiwa ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA, iwekwe kwenye barafu mara moja, kwa sababu ndani ya chupa sumu, kimeng'enya na oksimu vinaendelea kupambana na namba inabadilika kabla haijafika maabara. Kipimo cha seli nyekundu kinafanana zaidi na kinachotokea kwenye neva. Cha plazma ni rahisi, lakini hushuka pia kwa ugonjwa wa ini, utapiamlo na ujauzito. Vyovyote vile, matibabu hayangoji majibu. Palipo na shaka, atropini 1 mg hutoa jibu kitandani: mtu asiye na sumu atakauka kinywa na moyo utapanda waziwazi, mwenye sumu kali hataonyesha chochote.

Kurudi

Siku ya tatu kifua kililowa tena baada ya dripu kushushwa hadi 0.8 mg kwa saa, klopairifosi ikitoka kwenye mafuta. Ikapandishwa hadi 2, ikashushwa polepole kwa siku tatu. Upande wa kulia chini ulionekana kwenye picha ya eksirei kama kivuli na ulitibiwa kwa antibiotiki. Mashine ilimpumulia siku 9. Kilichotangulia kurudi ni mikono, shingo ikafuata, na mpira haukutolewa mpaka alipoweza kuinua kichwa na kukishikilia kwa sekunde 5.

Aliruhusiwa siku ya 17. Kimeng'enya cha seli nyekundu hurudi kwa karibu asilimia 1 kwa siku, kadiri mwili unavyotengeneza seli mpya, kwa hiyo aliambiwa asishike bomba la dawa kwa miezi mitatu, wala asikae upande ambao upepo wa mwingine anayepiga dawa unaelekea. Tarehe ya kurudi kliniki ilipangwa wiki ya tatu tangu kumeza. Siku hiyo avue viatu, atembee kwa visigino kutoka mlangoni hadi mezani, aulizwe kama nyayo zinachoma au zimekufa ganzi, kwa sababu baadhi ya organofosfeti hushika pia kimeng'enya kingine kwenye neva ndefu, na miguu ndiyo hutangulia kudondoka.